Maswali ya wasomaji: Moto kichaa na nyumba zetu za mlimani

Kwa kawaida safu hii hujibu maswali ya paa linalovuja, ukuta unaopasuka na shimo la choo linalojaa kabla ya wakati wake. Mwezi huu nimeyaweka hayo kando. Tangu ukungu wa Julai ulipoinuka na majani yakaanza kukauka, barua nyingi zilizonifikia kutoka miteremko ya Kilimanjaro, yaani Marangu, Rombo, Siha na Kibosho, na hata kutoka miteremko ya Mlima Meru, zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: moto wa msituni ukija, nyumba yangu itapona? Nimechagua barua sita, nikafupisha baadhi yake, na majina nimeyaacha kama waandishi walivyoomba.

SWALI: Shikamoo, Mzee. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 tulisimama uani usiku kucha tukiutazama mlima ukiwaka. Mama mkwe alisema tufungashe vitu tushuke mjini. Mume wangu akasema moto ule hauwezi kufika huku kwetu. Mpaka leo wanabishana kila kiangazi. Nani alikuwa sahihi? (Mama wa watoto watatu, Marangu)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa usiku ule mume wako alikuwa sahihi, lakini usimwambie mama mkwe kwamba nimesema alikosea, kwa sababu hakukosea.

Moto wa mwaka 2020 ulianza tarehe 11 Oktoba katika eneo la Whona, mahali wageni wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo kwenye njia ya wapanda mlima. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilieleza wakati ule kwamba ulitokana na watu waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Uliteketeza hasa ukanda wa vichaka ulio juu ya msitu, wenye mimea ya majani madogo magumu ambayo kiangazi kikikolea huwaka kama kibiriti, na askari, wanafunzi na wananchi kwa mamia walipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, kwenye kimo cha takriban mita 4,000. Mioto yote miwili ilikuwa mbali juu ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na katikati palikuwa na msitu mnene ambao upande wetu wa kusini hupata mvua nyingi kuliko upande mwingine wowote wa mlima.

Tena moto hupenda kupanda. Mchana jua likipasha miteremko, upepo huvuma kutoka bondeni kwenda juu, na mwali unaopanda huinamia majani yaliyo mbele yake ukayakausha kabla ya kuyafikia. Wazima moto wana kipimo chao cha kukadiria: kila mwinuko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto huwa karibu mara mbili. Kwa hiyo moto unaozuka kwenye vichaka mchana huelekea zaidi kwenye mawe na vumbi la volkano, ambako hakuna cha kuunguza. Hayo ndiyo mume wako aliyoyaona, hata kama hakuyaeleza hivyo.

Mama mkwe naye ana hoja tatu. Usiku upepo hugeuka. Hewa ya juu hupoa, ikawa nzito, ikateremka, na moto uliokuwa ukienda kileleni unaweza kuanza kutambaa kuelekea chini. Vilevile gogo linalowaka haliulizi upepo: likikatika kwenye mteremko huviringika, na linapokomea ndipo moto mpya unapoanzia. Hoja ya tatu ndiyo ninayotaka uichukue uende nayo nyumbani. Moto wa kuogopwa na mtu wa mlimani ni ule unaotoka chini yake. Shamba linalochomwa bondeni, mwenge wa mrina asali kwenye korongo, tanuri la mkaa lililoachwa bila mlinzi, kipande cha sigara kando ya barabara, vyote hivyo viko chini ya nyumba ya mtu fulani, na moto wake utapanda. Korongo lenye majani makavu hufanya kazi kama bomba la moshi, likivuta moto kutoka chini na kuutapika juu, na juu ya makorongo mengi ya kwetu pamejengwa nyumba, kwa kuwa mandhari ni nzuri na eneo tambarare limekwisha kugawanywa kwa kaka wakubwa.

Kwa hiyo nyote wawili, pamoja na bibi, mzunguke upande wa chini wa kihamba chenu mwone kilichopo pale.

SWALI: Ninaishi Rongai, upande wa Rombo, na misonobari ya shamba la miti inaanza kama hatua sitini kutoka mlangoni kwangu. Nyumba ni ya mbao, paa ni bati. Nina ng'ombe wawili. Mabua yako kwenye kichanja kilichoshikana na banda, banda limeshikana na jiko, na jiko limeshikana na nyumba. Naogopa ile misonobari. Nifanyeje? Niombe ikatwe? (Mfugaji, Rombo)

JIBU: Msonobari usiuguse, ndugu yangu, kwa sababu shamba la miti lina mwenyewe, na hata kama lingekuwa lako nisingekushauri uanzie huko. Isome tena barua yako kwa sauti. Mabua yameshikana na banda, banda na jiko, jiko na nyumba. Umeniandikia utambi.

Wengi wetu tunadhani nyumba huungua pale moto mkubwa unapoifikia na kuilamba. Nchini Marekani mtafiti Jack Cohen, aliyekuwa katika idara ya misitu ya nchi hiyo, alitumia miaka mingi kukagua mitaa iliyoteketea, na mara nyingi alikuta nyumba imekuwa majivu hadi kwenye msingi huku miti iliyoizunguka ikiwa bado ya kijani. Kama ukuta wa moto ndio uliopita pale, miti ile ingetangulia kuungua. Katika majaribio yaliyofanyika kaskazini mwa Kanada, kuta za mbao zilisimamishwa mbele ya msitu uliowashwa kwa makusudi mpaka vilele vikawaka. Kwenye mita 10 baadhi ya kuta zilishika moto, lakini kwenye mita 30 hazikushika. Joto la miti inayowaka ni kali, ila hupita haraka, na ubao hauwaki mpaka ukae kwenye joto hilo kwa muda wa kutosha.

Kinachounguza nyumba, basi, mara nyingi ni cheche. Moto mkubwa hurusha vijinga na makaa madogo kwa maelfu, yakabebwa na upepo hata zaidi ya kilomita moja, yakadondoka kama mvua juu ya kila kitu. Kaa dogo likiangukia udongo hufa. Likiangukia mabua yako, linakuta limeandaliwa chakula. Mji wa Paradise, kwenye milima ya California, ulipoungua tarehe 8 Novemba 2018, watu 85 walifariki na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea, na baada ya moto misonobari mingi ilionekana imesimama katikati ya misingi mitupu. Nyumba ziliwashwa na cheche, kisha zikawashana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa kazi yako. Anzia ukutani uende nje. Mita moja na nusu ya kwanza kuizunguka nyumba isiwe na kitu chochote kinachowaka: si kuni, si magunia ya mkaa, si ngazi ya mbao iliyolazwa, si fagio la chelewa, si ule mkeka wa kuanikia kahawa. Mwaga kokoto au moramu. Kwa kuwa kuta zako ni za mbao, angalia pia pale ubao wa chini unapokutana na ardhi, maana majani hujikusanya hapo na cheche hujibanza humo; safu mbili za mawe au matofali chini ya ubao zinatosha kuinyima cheche mahali pa kulala. Kutoka hapo mpaka mita 10 hivi, nyasi ziwe fupi, matawi ya miti yakatwe hadi kimo cha mita mbili kutoka chini, na kichaka kisiwe chini ya mti, kwa sababu moto wa nyasi hupanda kichakani na kutoka kichakani hufika matawini kama mtu anayepanda ngazi. Kutoka mita 10 mpaka 30 hufyeki, unapunguza tu: vigogo vilivyokufa, matawi makavu, maganda ya mikaratusi yanayoning'inia na kupeperuka. Ikiwa ardhi inateremka, upande wa chini uuongezee umbali. Ukiweza, mara mbili.

Migomba iache. Mgomba wenye afya una maji tele shinani, na kihamba kinachopata maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, ni kinga moto ambayo babu zetu walipanda bila kuiita hivyo. Ondoa tu yale majani makavu yanayoning'inia kama makoti ya zamani, uyatandaze shambani mbali na ukuta.

Kuhusu mabua, najua kwa nini yako pale. Mvua haiyafikii, mwizi hayafikii, na anayelisha ng'ombe alfajiri hataki kutembea gizani. Lakini akiba kubwa lazima iondoke, iende angalau mita 10 kutoka bandani na nyumbani, isiwe upande wa mteremko wa chini, ifunikwe kwa bati juu na ubavuni. Bandani weka ya siku moja tu. Kama kihamba hakikuachii mita 10, jenga chumba kidogo cha matofali chenye mlango unaofungwa, hata kama majirani watakucheka kwamba mabua yako yanalala pazuri kuliko wewe.

Mwisho ni paa. Bati haliungui, na ndiyo maana linatudanganya. Tazama pale mawimbi ya bati yanapokaa juu ya ukuta, utaona vitundu ambamo ndege hupita. Cheche nazo hupita humo humo, zikafika darini kwenye viota, vumbi na mahindi uliyoyahifadhi, na moto huo huanzia mahali usipoweza kuufikia kwa ndoo. Ziba mawimbi kwa udongo wa saruji, na matundu ya hewa yaliyobaki uyawekee wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 3. Chandarua cha nailoni kitayeyuka. Ubao wa pembeni mwa paa ukiwa umeoza, ubadilishe kabla ya kupaka rangi, kwa sababu ubao uliooza hushika cheche kama pamba.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam. Nilijenga Kibosho nyumba nzuri ya matofali na vigae, nayo hufunguliwa Desemba tunapokuja kula Krismasi. Kwa kuwa si ya mbao wala ya nyasi, nadhani sina sababu ya kuhofia moto. Nithibitishie. (Mzaliwa wa Kibosho, Dar es Salaam)

JIBU: Siwezi kukuthibitishia, ndugu yangu. Nyumba yako imejengwa vizuri na inatunzwa vibaya, jambo ambalo ni la kawaida kwa nyumba zetu za Desemba. Kati ya Januari na Novemba majani ya mgrevilea hujaa kwenye mifereji ya paa, nyasi hufika dirishani, na mlinzi huweka kuni zake barazani kwa sababu mwenyewe hayupo. Kigae hakiwaki, lakini majani yaliyokauka kwenye mfereji huwaka sambamba na ubao wa paa, na vigae vikikaa na nafasi kati yao cheche huingia chini yake.

Mlipe kijana wa jirani asafishe paa na mifereji mara tatu kwa mwaka: Januari, mwisho wa Juni, na tena Septemba. Kabla ya kuondoka zima umeme kwenye swichi kuu, funga mtungi wa gesi na uuweke nje, mahali pasipo na majani. Uzio wako, kama ni wa misaiprasi, utazame kwa ndani. Nje ni wa kijani, ndani umejaa vijiti vikavu tangu ulipoanza kuukata umbo la sanduku, na ukishika moto hauzimiki kwa maji ya bomba. Ung'oe ule unaogusa nyumba.

Na geti. Mageti yetu ya mlimani hujengwa kwa kipimo cha gari dogo la mwenye nyumba. Gari la zimamoto linahitaji njia yenye upana wa karibu mita 4 na nafasi ya juu ya mita 4 na nusu, bila tawi wala nakshi ya chuma inayoning'inia. Kama haliwezi kupita, angalau mwachie jirani ufunguo, ili watu waingie kwa miguu bila kuvunja.

SWALI: Jirani yangu huku Siha huchoma mabaki ya shamba kila Agosti. Mwaka jana moto ulivuka mpaka ukaunguza uzio wangu. Nikimwambia ananijibu kwamba baba yake alichoma na babu yake alichoma. Sheria inasemaje? (Mwalimu, Siha)

JIBU: Mwalimu, sheria iko upande wako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto, na humtaka mtu anayekusudia kuchoma uoto apate kibali na kuchukua tahadhari ili moto usivuke kwenda mahali pengine. Halmashauri na vijiji vingi vya mlimani navyo vina sheria ndogo. Lakini kabla hujaenda kwa Mwenyekiti wa kitongoji, nenda kwa jirani yako jioni, ukae naye, kwa kuwa ukishampeleka barazani hatakuita siku moto ukimshinda, na siku hiyo ndiyo utakayotaka sana akuite.

Sisemi haya kwa kujiona. Nilipokuwa kijana nilichoma majani ya mahindi saa saba mchana, jua kali, nikiwa peke yangu na ndoo moja. Upepo uligeuka. Nilipoteza miche ya kahawa karibu arobaini, na kumi kati yake haikuwa yangu. Nililipa ile kumi. Baba hakunisemesha kwa wiki mbili.

Mwambie jirani mambo haya. Mabaki ya mahindi yakizikwa au kutandazwa hurudisha rutuba na kuhifadhi unyevu, na kwa mfugaji ni chakula cha ng'ombe ambacho wenzake hukifuata tambarare kwa gari. Kama ni lazima achome, basi isiwe kati ya Agosti na Oktoba wakati kila kitu kimekauka. Angoje mvua ya kwanza ya vuli ilowanishe ardhi. Achome asubuhi na mapema au jioni upepo ukiwa umetulia, asichome shamba zima kwa mara moja, alime kwanza mkanda mtupu kuzunguka sehemu anayochoma, nao uwe mpana kuliko urefu wa mwali anaoutarajia, na aanzie upande wa juu wa mteremko ili moto uteremke polepole kuelekea chini. Majirani wawe wamearifiwa, wakiwepo na majembe, matawi mabichi na maji. Baada ya moto kuzimika machoni, asiondoke: afukue majivu, ayamwagie maji, ayakoroge, kisha aweke mgongo wa mkono juu yake. Akihisi joto, kazi haijaisha. Udongo wenye mboji nyingi na mizizi mikavu unaweza kuhifadhi moto chini kwa chini siku kadhaa, ukazuka mahali ambapo hakuna aliyeuona ukienda.

Kuna wanaojaribu kuzuia moto kwa kuwasha moto mwingine mbele yake ili ikutane. Ni kazi ya watu waliofundishwa na wenye kiongozi mmoja. Wewe na jirani msiijaribu.

SWALI: Tuna vibanda vinne vya wageni vilivyoezekwa kwa nyasi kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Usa River. Wageni wanavipenda. Tumeambiwa tuweke wavu kama nyumba nyingine. Je, inatosha? (Familia ya wenye nyumba ya wageni, Arusha)

JIBU: Haitoshi. Wavu huzuia cheche isiingie chini ya paa, na kwenu paa lenyewe ndilo linalowaka. Kama mnalipenda kwa ajili ya macho ya wageni, ezekeni bati kwanza, kisha tandazeni nyasi chache juu yake kama pambo mnaloweza kuliondoa kiangazi kikikaza. Mkipoteza nyasi hamtapoteza kitanda cha mgeni. Vibanda vyenye paa la nyasi pekee viachane angalau mita 10, na zaidi pale kimoja kiko juu ya kingine kwenye mteremko. Mahali pa kuota moto usiku pajengewe mawe kuzunguka, pawe upande usiopeleka cheche kwenye paa, na mtu wa zamu amwage maji kabla hajaenda kulala, wageni wapende wasipende. Wekeni tangi lenye mdomo wa chini na mpira wa maji unaofika kibanda cha mwisho, halafu mjaribu siku ambayo umeme umekatika, kwa sababu moto na kukatika kwa umeme hupenda kusafiri pamoja.

SWALI: Shikamoo. Ninaishi Old Moshi na mama yangu mwenye umri wa miaka 84, ambaye hatembei vizuri. Tuna ng'ombe mmoja na mbuzi watano. Moto ukitokea tukae tuulinde mji wetu au tuondoke? Na tuondoke lini? (Binti wa Old Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama aondoke kwanza, tena mapema, ukiona moshi upande wa chini au kusikia kwamba moto uko kwenye korongo lenu, kabla hujaona mwali. Ukingoja majivu yaanze kuangukia uani, moshi utakuwa umeshafunga njia, na mtu asiyetembea vizuri hawezi kukimbizwa kwenye vumbi na moshi bila kuumia. Leo hii zungumza na mwenye bodaboda au bajaji wa karibu, na mwenzake wa pili, ili usiwe unatafuta namba siku hiyo. Zijueni njia mbili za kushuka, maana ya kwanza inaweza kuwa ndiyo inayowaka. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ukiwa bado una muda wa kueleza kijiji, kitongoji na alama inayojulikana, kama vile shule au kanisa. Usidhani jirani ameshapiga.

Begi liwe tayari tangu Julai: kitambulisho cha Taifa, hati au karatasi za kihamba, kadi za bima, dawa za mama za wiki mbili, tochi, maji, chaja ya simu. Vaeni nguo za pamba zinazofunika mikono na miguu, na viatu vya ngozi. Kanga na kitenge cha pamba ni salama kuliko nguo ya nailoni, ambayo huyeyuka ikagandana na ngozi. Kitambaa chenye maji puani husaidia dhidi ya joto na vumbi, lakini hakichuji chembe ndogo za moshi. Kama mama ana pumu au moyo, mnunulieni barakoa ya N95.

Ng'ombe ndiye anayewachelewesha wengi. Mtoe mapema pamoja na mama, mmoja wenu amshushe kwa kamba. Kama muda umekwisha, mfungue, mfungue na mbuzi, fungua mlango wa banda uuache wazi, na uondoke. Mnyama aliyefunguliwa ana nafasi, aliyefungwa hana. Usirudi kwa ajili yake.

Mkiondoka, fungeni madirisha na milango yote bila kutia ufunguo, zimeni gesi, sogezeni mapazia na viti mbali na vioo, acheni ndoo na ngazi mahali panapoonekana. Msikimbie kupanda mlima mbele ya moto, na msiingie korongoni mkidhani kuna ubaridi. Elekeeni mahali pasipo na cha kuungua: uwanja wa shule, shamba lililolimwa, au eneo ambalo moto umeshapita na kupoa. Moto ukiwakatia njia kabisa na nyumba bado haijashika, kaeni ndani upande ulio mbali nao, wekeni vitambaa vyenye maji chini ya milango, kisha mtoke kwenye ardhi iliyoungua mara mwali unapopita, mkiwa na ndoo, kwa sababu hapo ndipo cheche chache zinazosalia kwenye fisha bodi, ule ubao wa pembeni mwa paa, na kwenye mfereji wa paa zinapoweza kuzimwa na mtu mmoja.

Mkirudi, kataeni maji ya tangi mpaka paa lisafishwe. Majivu yaliyotua kwenye bati yataingia tangini na mvua ya kwanza, kwa hiyo ondoeni bomba linalopeleka maji tangini, acheni mvua mbili tatu za mwanzo zimwagike chini, ndipo mlirudishe. Na kama mteremko ulio juu ya nyumba umeungua, chimbeni mfereji wa kugeuza maji kabla ya vuli kukolea, kwa sababu udongo usio na majani hautaishikilia mvua hiyo.